Gari Linalopona Jumatatu

Nianze kwa kusema ukweli: mimi lile gari sikuwahi kulipenda. Manase alilinunua alipopata kiinua mgongo chake, baada ya kufundisha miaka thelathini na nne, na siku lilipoingia uani nikajua nimeletewa mke mwenza. Kwa umri linamzidi mjukuu wetu mkubwa. Zamani lilikuwa bluu, siku hizi sijui niseme ni rangi gani. Asubuhi, kabla mume wangu hajaniuliza nimeamkaje, anakuwa ameshatoka na kitambaa kulifuta umande, na umande wa Njombe mwezi wa sita unauma vidole. Nikimwambia, "Baba Ronald, utaugua kifua," ananijibu gari nalo lina kifua.

Basi mwaka huu, mwezi wa kwanza, mvua zilipokolea, likaanza kuzimika.

Na halizimiki kwa adabu. Lingepunguza mwendo, lingekohoa kidogo, mtu angejiandaa. Hapana! Mko barabarani mnaongea habari zenu, ghafla kimya, na dashibodi nzima inawaka: ile taa ya njano yenye picha ya injini, ya betri, ya breki, na nyingine ambazo hata Manase hazijui. Usukani unakuwa mgumu. Yeye anaanza kubembeleza, "Tulia, mama, tulia." Mara ya kwanza nilidhani ananiambia mimi. Kumbe anaongea na gari!

Ubaya wake, halikuwa na mpango. Leo linazimika mara tatu, kesho mara moja, keshokutwa linakwenda kama halijawahi kuugua. Likizimika Jumapili mbele ya kanisa, usharika mzima ukashuhudia wazee wa kanisa wakisukuma gari na suti zao, Jumatatu Manase analipeleka Makambako kwa fundi, kilomita sitini, na njia nzima halizimiki hata mara moja.

Fundi mwenyewe anaitwa Nahumu. Manase alimfundisha darasa la tano, na mpaka leo, mikono ikiwa imejaa grisi, Nahumu akimwona anasimama wima. "Shikamoo, Mwalimu." Ana mashine yake ya kupimia, anaichomeka chini ya usukani, inasoma ugonjwa wa gari na kuandika kwa namba. Jumatatu ya kwanza mashine ilisema ni kifaa kimoja cha injini wanachokiita sensa. Akabadilisha. Jumatatu ya pili ikasema pampu ya mafuta. Akabadilisha. Ya tatu ikasema gari halina tatizo lolote, lina afya kutushinda sisi tuliolileta.

"Mwalimu," Nahumu akasema, "hili gari likiniona linapona. Ni mvua hiyo. Maji yanaingia mahali, yanalowesha waya, yakikauka linakaa sawa. Lakini yanaingilia wapi?" Akaziba mpira wa kioo cha mbele kwa gundi, akafunga waya upya kwa utepe. Alhamisi likazimika kwenye mlima kabla ya Mtwango.

Hapo mume wangu akafanya kama mwalimu. Akanunua daftari la kurasa sitini na nne, akapiga mistari kwa rula: Tarehe. Mahali lilipozimika. Hali ya hewa. Mzigo. Alisema daktari hawezi kumtibu mgonjwa asiyejieleza. Kila safari akaandika, hata ile ya kwenda dukani Kibena, hapo karibu tu, kununua chumvi. Mimi nikamcheka, nikamwambia bado kulipigia gwaride tu.

Sasa lazima niwaambie jambo ambalo wakati ule nilikuwa nimelificha.

Nina dada. Yuko mmoja tu aliyebaki. Aliolewa Makambako na Mkatoliki, naye akaingia Ukatoliki, wakampa jina la Consolata, na mimi nikamnunia miaka miwili kwa ajili hiyo, Mungu anisamehe. Mwezi wa kumi na mbili kiharusi kilimwangusha. Alilazwa hospitali ya Ikonda wiki tatu, akarudi nyumbani upande mmoja haufanyi kazi, na chakula hataki. Uji anaugeuzia uso. Maziwa anayatema. Mkwe wake alikuwa anamlisha huku analia. Mimi nikakaa kitandani nikamuuliza, "Dada, sema unataka nini, nikuletee hata kama kiko Ludewa." Mdomo umepinda, lakini nilimsikia vizuri. Alisema ulanzi.

Jamani! Mimi Tabea ni mwenyekiti wa umoja wa wanawake wa usharika wetu. Mume wangu ni mzee wa kanisa. Mwaka juzi nilimsimamisha mama wa watu asiimbe kwaya miezi mitatu kwa sababu alionekana kilabuni na kikombe, na niliongea siku ile mpaka povu likanitoka. Leo mimi ndiye nibebe pombe ya mianzi?

Nilibeba. Jirani yangu Oktavia anagema mianzi yake nyuma ya nyumba, na masika ndio msimu wenyewe. Kila Alhamisi asubuhi, siku yetu ya kwenda kumwona dada, ananipitishia dumu la lita tano uani, na mimi naliviringisha kwenye kitenge na kuliweka miguuni pangu. Kutoka kwenye mwanzi ule ni mtogwa, mtamu, mtoto anakunywa, hauna dhambi. Shida ni kwamba haukai. Njombe unaondoka nao ukiwa mtogwa, Makambako unashuka nao ukiwa kitu kingine kabisa. Na njiani unachemka, dumu linavimba tumbo, kifuniko ukikikaza linapasuka. Kwa hiyo nalegeza.

Manase aliniuliza mara moja tu, Alhamisi ya kwanza. "Hicho nini, Mama Ronald?"

"Uji wa dada," nikasema, na sikumtazama.

"Haya," akasema, akawasha gari.

Na dada yangu alikuwa anakunywa! Kikombe kimoja, taratibu, kwa mrija. Akimaliza, anaomba na viazi. Halafu anaanza kuongea Kibena, kile Kibena cha mama yetu, ananikumbusha siku tulipoangusha mtungi wa maji tukasingizia mbuzi. Tulikuwa tunacheka mpaka mkwe wake anakuja kuchungulia. Nilikuwa narudi nyumbani moyo umejaa, na gari likizimika njiani nalitukana moja kwa moja bila hata kufikiri.

Alhamisi ya tisa ndiyo iliyoleta balaa. Tulikuwa tunarudi, ule mlima wa kabla ya Mtwango, ukungu umeshuka, nyuma yetu kuna lori la mbao. Gari likakata. Taa zote zikawaka. Tukaanza kurudi nyuma, Manase kakanyaga breki kwa miguu yote miwili, breki nzito kama jiwe, na honi ya lile lori ilipiga nikaisikia ndani ya meno. Dereva wa lori alikwepa. Mungu ampe maisha marefu, alikwepa kwa upana wa mkono, akasimama mbele, akashuka kutuuliza kama tuko wazima.

Makambako ni mji wa malori, habari husafiri nayo. Kabla hatujafika nyumbani Ronald alikuwa ameshapiga simu. Ronald ndiye mtoto wetu mkubwa, anauza mbao hapo Makambako, ni mtoto mwema, ila ana kichwa changu.

"Baba, sasa basi. Jumamosi leteni gari kwa Nahumu kwa mara ya mwisho. Namleta mnunuzi. Nahumu akipata ugonjwa, sawa. Asipopata, linauzwa vipuri siku hiyo hiyo. Sitakuja kuwazika kwa sababu ya bati."

Manase akasema, "Sawa, mwanangu."

Sawa! Nilitegemea apige kelele. Mtu huyu aligombana na afisa elimu wa wilaya kwa ajili ya madawati manne. Jioni ile alikula vijiko viwili, akatoka akakaa ndani ya gari uani, mlango wazi, mikono kwenye usukani, anatazama mvua. Nikamletea sweta. Ndipo nilipoelewa kwamba mume wangu akiwa na miaka sabini na moja, kitu kinachomfanya aamke na kuvaa shati safi ni kile. Wanafunzi wamekwenda, chaki zimekwenda, limebaki gari. Nilimwonea huruma mpaka nikamkasirikia.

Jumamosi tukashuka Makambako. Lilizimika mara mbili njiani, na mara ya tatu kwenye geti la Nahumu, mbele ya macho yake. Jamaa alifurahi! "Leo nimelikamata linaugua!" Akakimbia na mashine yake, akachomeka, akasubiri. Akachomoa, akachomeka tena.

"Mwalimu, leo mashine haiongei na gari kabisa. Haijibiwi. Maana yake shida iko kwenye ubongo wenyewe, kompyuta ya gari, au waya zinazoingia pale. Sensa na pampu vilikuwa vinasingiziwa tu."

Ronald alikuwa ameshafika na mnunuzi wake. Nilipomwona huyo mnunuzi nikatamani kurudi ndani ya gari. Abel! Abel wa usharika wetu wenyewe, mkewe ni katibu wangu kwenye umoja wa wanawake, na mdomo wake hauna mlango. Alinisalimu, "Kamwene, Mama Mwenyekiti," halafu akaanza kupiga matairi teke, kufungua milango, kukagua viti, kama mtu anayechagua mbuzi wa kuchinja. Mume wangu alikuwa amesimama pembeni na kofia yake mkononi.

"Daftari la Mwalimu liko wapi?" Nahumu akauliza. "Mama, nisomee, mikono yangu michafu. Nisomee zile siku lilipozimika, na kila kitu kilichokuwemo ndani."

Nikavaa miwani. Sikuwahi kulifungua lile daftari, nilikuwa nalicheka tu kwa nje. Nikasoma kwa sauti.

"Jumanne, halikuzimika. Jua. Mzigo: mbolea mfuko mmoja, jembe moja, parachichi kumi na mbili. Jumapili, lilizimika mbele ya kanisa. Manyunyu. Mzigo: Biblia mbili, mwavuli, keki ya Mama Mchungaji. Alhamisi, lilizimika Mtwango. Ukungu. Mzigo: hakuna."

"Endelea, mama."

"Jumatatu, halikuzimika. Mvua kubwa. Mzigo: bahasha moja. Alhamisi, lilizimika mara tatu. Jua. Mzigo: hakuna."

Nahumu akanyanyua kichwa. "Ngoja. Jumatatu mvua kubwa, halikuzimika. Alhamisi jua, likazimika mara tatu. Basi si mvua. Alhamisi nyingine?"

Nikafunua. Alhamisi, mzigo: hakuna. Alhamisi, mzigo: hakuna. Kila wiki mstari ule ule, kwa mwandiko wake ule ulionyooka, na kalamu ilikuwa imekandamiza zaidi pale kuliko pengine.

Macho yangu yakaanza kucheza. Mtu anayeandika bahasha moja! Mtu anayehesabu parachichi! Kama angekuwa ameamini ule ni uji, angeandika "uji, lita tano", tena angeweka na idadi ya vikombe. Hakuandika uji. Ukweli hakutaka kuuandika, na uongo wangu alishindwa kuuandika, kwa hiyo akaandika uongo wake mwenyewe, Alhamisi baada ya Alhamisi, mtu ambaye katika miaka thelathini na nne hakumwongezea mtoto hata maksi moja.

Nahumu akamgeukia. "Mwalimu, Alhamisi zote hizi mlikuwa hambebi kitu? Hata chupa ya maji? Fikiri vizuri. Mficha maradhi, kifo humuumbua."

"Kama ilivyoandikwa," mume wangu akasema. Hakunitazama. Alikuwa anatazama kofia yake.

Ronald akashusha pumzi. "Basi, Baba. Abel, andaa gari la kuvuta."

Nataka mjue kwamba nilifikiri. Nisiwadanganye eti nilisimama palepale kama shujaa. Nilimtazama Abel nikaiona kesho yake yote: mkewe, kina mama, yule mama wa kwaya niliyemsimamisha. Nikajiambia, Tabea, nyamaza, ni gari tu, tena hata hulipendi. Halafu nikamtazama Manase. Sikio lake la kushoto lilikuwa limekuwa jekundu, kama linavyokuwaga akiona aibu, na aibu yenyewe ilikuwa ni yangu mimi.

"Nahumu," nikasema. "Mzigo upo. Ni ulanzi."

Ronald akasema, "Mama?"

"Ulanzi! Hamsikii? Lita tano, kila Alhamisi, nampelekea mama yako mkubwa kwa sababu bila huo hali kitu. Unakaa hapo miguuni pangu, kifuniko nimelegeza usipasuke, na kwenye kila mlima unamwagika kidogo. Nafuta na kitenge. Na wewe Abel usinitolee macho, unajua sana ulanzi ulivyo!"

Abel akafunga mdomo. Nahumu hakucheka wala hakushangaa, alikuwa ameshaingia ndani ya gari kichwa chini. Akatoa mpira wa kukanyagia. Akavuta zulia pale mbele ya kiti changu. Harufu ikatoka, jamani, kilabu kizima kilikuwa chini ya lile zulia! Sisimizi walikuwa wamepanga foleni ndefu, wanaingia na kutoka. Na chini kabisa, kwenye kijisanduku cha bati kilichofungwa sakafuni, soketi ya waya ilikuwa imeota ukungu wa kijani, inanata kama asali.

"Huyu hapa," Nahumu akasema. "Ubongo wa gari, Mama, umekuwa unakunywa pamoja na dada yako. Ukimwagika Alhamisi, analewa. Jumatatu ameshakauka, ana akili zake, ndio mnamleta kwangu."

Ronald ndiye aliyeanza kucheka. Alijaribu kujizuia, akashindwa, akainama akashika magoti. Nahumu akachomoa ile soketi, akaiosha kwa spirit, akasugua vichuma vyake kimoja kimoja kwa mswaki, akapuliza upepo wa kompresa, akaacha kila kitu kwenye jua lililokuwepo. Saa nzima tulikaa pale kama tuko nje ya chumba cha upasuaji. Aliporudisha kila kitu akampa mume wangu funguo. "Wewe mwenyewe, Mwalimu."

Likawaka mara moja. Taa za dashibodi zikazima moja baada ya nyingine, ya mwisho ile ya njano. Mashine ikaongea. Nahumu akatuzungusha mjini mpaka stesheni na kurudi, akatupandisha kila kilima alichokijua, likaenda. Tuliporudi Abel alikuwa ameshaondoka, na nilijua anakimbilia wapi. Ronald alimshika baba yake bega, akasema, "Nenda nalo, Baba. Ila dumu likae kwenye ndoo."

Tukaondoka. Nilivumilia mpaka tumetoka mjini.

"Ulijua."

"Nina pua, Mama Ronald."

"Tangu lini?"

"Tangu Alhamisi ya kwanza. Uji hauchemki wenyewe."

"Na kwamba ndio unaozima gari?"

Akampisha mwenye baiskeli ya mkaa. "Hilo nililishuku mwezi wa pili, nilipoona sisimizi."

Weee! Nilimgeukia na mwili mzima. "Mwezi wa pili! Ukakaa kimya! Lori nusura lituue, Ronald analeta mnunuzi, wewe na kofia yako mkononi, kimya! Una akili kweli?"

"La lori ni kosa langu," akasema. "Ndio maana nilimwambia Ronald sawa. Niliona bora gari liondoke."

"Badala ya kufungua mdomo!"

"Nikifungua mdomo ndio nimeuona huo ulanzi. Nikiuona, mimi ni mzee wa kanisa, lazima niukataze. Na wewe nikikukataza utanuna, lakini utatii, nakujua. Sasa Consolata atakunywa nini?"

Nikaongeza sauti. "Na gari likiuzwa? Ungeishije, wewe mwanamume, bila hili gari lako?"

"Tungepanda basi Alhamisi," akasema. "Dumu tungepokezana."

Mungu wangu. Nilianza kulia hapohapo, kilio kibaya cha makamasi, na kitenge kilikuwa kinanata ulanzi wa chini ya zulia nilioufuta kwa Nahumu, kwa hiyo sikuwa na cha kujifutia. Nikamwita mjinga kwa Kiswahili, nikamwita mjinga kwa Kibena, ambako kuna maneno mengi zaidi. Yeye aliendesha tu. Mlima wa Mtwango ukaja, gari likaupanda bila kukohoa, na hata hakuligeukia kulisifu kama ilivyo kawaida yake. Alinipa leso yake.

"Kesho nitasimama mwenyewe," nikasema nilipopata sauti. "Mbele ya usharika, kabla mke wa Abel hajafika mbali. Waniondolee uenyekiti wakitaka. Na yule mama wa kwaya nitamwomba radhi kwa jina lake."

"Tutasimama wawili."

"Wewe umefanya nini?"

"Ulanzi ulisafiri safari tisa, Mama Ronald," akasema, macho barabarani. "Aliyekuwa anaendesha ni mimi."